Aliyeigizwa Husimama

Enzi zetu pale Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, Jumapili baada ya misa miguu ilikuwa na kazi. Kwanza tulipita kwenye bar moja karibu na soko, orkestra ilikokuwa ikifanya mazoezi mchana. Watoto hatukuruhusiwa kuingia, basi tulibana macho kwenye matundu ya uzio wa matete tukacheza hukohuko nje, vumbi hadi magotini. Mpiga solo alikuwa na gitaa la nyuzi za waya wa breki ya baiskeli, na haki ya Mungu, lilikuwa linalia kuliko haya ya dukani. Kisha tulikimbilia ngoma za Warundi waliohamia kwetu, zile zinazokutikisa tumbo kabla hujaziona. Mwisho, muhogo mkononi na ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwani, mfukoni, tuliingia sale ya paruwasi, ukumbi wa kanisa, kwenye teatri. Hapo ndipo nilipokuwa nyumbani.

Teatri yetu ilikuwa na desturi yake. Tuliigiza watu wa hapahapa: mama mandazi mwenye kelele, katekista anayesinzia huku akifundisha. Mchezo ukifika mwisho, sisi wachezaji tulinyamaza tu, tukimsubiri yule tuliyemwigiza asimame kwenye benchi lake ajibu. Hapo sale ilikuwa inapasuka kwa vicheko. Asipojibu, mchezo haukuhesabiwa kuwa umeisha.

Nilipofika miaka kumi na miwili nilijichagulia mtu wangu: baba. Alikuwa mvuvi wa ndagala, mrefu, na kwa uongo wa samaki hakuwa na mwenzake. Akisimulia samaki aliyemponyoka alisugua sikio la kushoto, na kadiri alivyosugua ndivyo samaki alivyozidi kunenepa. Nilijifunza mwendo wake wiki nzima nyuma ya jiko. Mama alinichungulia akasema, "We mutoto, baba yako atakufa na kicheko." Nami sikutaka kitu kingine duniani ila kumwona baba akisimama pale kunijibu.

Basi mwaka ule mwalimu wetu wa teatri alikuwa mgeni, mtu wa Kilembwe, huko bara. Alipanga siku kwa kalenda ya ukutani. Jamani! Kwetu siku ya teatri ilipangwa na mwezi. Mwezi ukijaa, ndagala hawafuati taa za wavuvi, na baba zetu wanarudi nyumbani kupumzika. Mwezi ukipotea, wote wako kambini ng'ambo, Ubwari. Nilimwendea bila woga wowote.

"Mwalimu, ile siku mwezi haitakuwako. Bavuvi bote batakuwa Ubwari."

"Teatri tunachezea ndani ya sale," akanijibu. "Mwezi itatusaidia nini?"

Tukacheza. Bamama walijaa mpaka madirishani. Nilisugua sikio hadi likawaka moto, watu wakacheka mpaka wengine wakatoka nje kupumua. Kisha nikanyamaza, kama desturi. Benchi la wavuvi lilikuwa tupu. Nilisubiri, nikasubiri, halafu nikalia mbele ya watu wote, na masharubu yangu ya mkaa yakatiririka hadi kidevuni.

Wiki mbili baadaye, mwezi umejaa, tulikuwa sale kwenye mazoezi ya kwaya, na mwalimu yule pia. Mlango ukasukumwa. Baba huyo, na shati lake la misa, tena siku ya kazi. Akaketi benchi la mbele.

"Banasema mulinicheza na mi siko," alisema. "Muanze tena. Nimekuya kujibu."

Kwaya ikaacha wimbo katikati. Nilicheza peke yangu, bila masharubu. Nilipomaliza nikanyamaza. Alisimama taratibu, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye sikio la kushoto.

"Ile samaki ilikuwa mukubwa kuliko mutumbwi. Kama munaona ni uongo, muulize ziwa!"

Tulianguka chini kwa kicheko. Mwalimu alicheka kutushinda wote, na tangu siku ile alitazama juu kwanza, kalenda baadaye. Mimi sijawahi kufurahi vile tena.

Leo kundi la teatri ni langu, na vijana wangu wananicheka ninapotafuta mwezi kabla ya kupanga siku. "Mama, iko telefone. Bavuvi bataona video." Ni kweli, wataiona. Watacheka kwa kidole gumba, kila mtu kwake, na aliyeigizwa atajitetea peke yake kitandani. Sisemi hawajui kazi. Wanacheza vizuri kutuzidi, spika zao zinasikika hadi Lweba, na nyuzi za magitaa yao ni nyuzi kweli. Ila kunyamaza mwishoni ilibidi niwafundishe kwa nguvu, maana waliona ni kupoteza muda.

Jumapili iliyopita binti mmoja wa kundi alimwigiza mvuvi mrefu. Akasugua sikio la kushoto. Binti huyo hakuwahi kumwona baba yangu; tulimzika mwaka juzi, kabla binti hajahamia Baraka. Lile sikio alilipata kwangu, na sikumbuki ni lini nilimpa. Alipomaliza akanyamaza, kama nilivyomfundisha. Telefone zilikuwa juu, zikingoja, na kwenye benchi la mbele hakuna aliyesogea. Nikamkumbuka mtoto wa masharubu ya mkaa.

Nikasimama mimi. Mkono ulikuwa umeshafika sikioni.

"Muulize ziwa!" nikawaambia.