Kina Mama Wasio na Mchezo

Mdomo wangu umeniponza mara nyingi, lakini siku ile ya fomu uliniponza pamoja na mtu asiye na kosa.

Jirani yangu wa mlango wa pili, mama aliyetoka Kakamega akafanya kazi ya kiwandani Industrial Area mpaka miguu ikagoma, ana sukari. Daktari alimwambia atembee kila asubuhi, la sivyo mguu wa kushoto utakatwa. Basi tukawa tunazunguka kiwanja cha hapa Tassia, mimi na yeye, leso kiunoni, raba miguuni, tukiwasengenya watu mpaka jua linatoka. Wallahi tulifurahi.

Ndipo siku moja msichana akapita kwenye ploti yetu na fomu. Kiwanja kilikuwa kinazungushiwa ua, na kamati ya mtaa ilitaka kujua kina nani watakitumia.

"Mathe, nyinyi mnapenda mchezo gani?"

Mchezo! Mimi, na mvi hizi? Nilikuwa nafua, povu mpaka kwenye viwiko. Nikajibu kwa niaba yetu sote wawili: "Andika sisi hatuna mchezo."

Akaandika.

Ua ulipoisha, ratiba ikabandikwa getini. Mpira, ndondi, netiboli, hata karate. Wanaotembea, hola, hawamo. Mlinzi hakutaka kusikia lolote, alfajiri ni ya timu ya mpira. Na huko barabarani, kwa matope yale na pikipiki zile, mgonjwa atapita wapi?

Jirani akakaa ndani. Wiki ya tatu nilimpelekea uji, nikakuta mguu umefura, kiatu hakiingii.

"Si neno, dada yangu," akasema.

Heri angenitukana. Nilirudi kwangu nikalia, kisha hasira zikanipanda, nikajifunga leso nikaenda kwa mwenyekiti wa kamati. Akafungua daftari, akanisomea huku akicheka: "Ploti yenu, hawana mchezo. Si ni wewe ulisema?"

"Nilisema hatuna mchezo, na hatuna! Kuna mtu atakatwa mguu kwa sababu ya huu mdomo wangu. Hilo nalo ni la kucheka?"

Akachukua kalamu, akaniuliza kikundi chetu kinaitwaje. Kikundi gani, na sisi ni wawili? Nikamwambia aandike anavyojua.

Kesho yake nilimshika jirani mkono mpaka getini, amevaa malapa ya mumewe. Chini ya ratiba palikuwa pameongezwa kwa kalamu: "Saa kumi na mbili hadi saa moja asubuhi: Kina mama wasio na mchezo." Timu ya mpira ilikuwa imesogezwa mbele.

Jirani akasoma, akacheka mpaka akashikilia ua.

Zamani tulikuwa tunapiga raundi sita. Siku hiyo tulimaliza moja, nusu yake akiwa ameniegemea begani. Hatukumsengenya mtu. Nilifunga mdomo wangu, nikawa nautazama ule mguu ukikanyaga chini.