Koti la Krismasi la Baba Athieno

Bado nina hasira, na hasira yenyewe sijui nimtupie nani. Mume wangu, Baba Athieno, alikuwa akitunza farasi Nairobi kabla hatujaoana. Mpaka leo sebule yetu hapa Molo imejaa picha za farasi. Yangu haipo hata moja.

Nikasema Krismasi hii nitampa kitu cha farasi, labda na mimi nitatundikwa. Kwenye mitumba ya Busia nikaona koti zito la buluu, limetariziwa kichwa cha farasi ubavuni, lina mikanda mirefu ya kufungia tumboni.

"Mbona halina mikono?" nikamuuliza muuzaji.

"Koti ya mvua hiyo, mama. Ya wazungu wakubwa."

Nikaamini, mjinga mimi! Tena nilimpokonya mama mwingine aliyekuwa ameshalishika.

Siku ya Krismasi, tulipotoka kanisani, nikamkabidhi mbele ya mama mkwe na mashemeji wote. Akalitazama, akalikunja.

"Asante. Nitalivaa baadaye."

Baadaye? Damu ikanichemka. "Picha za farasi unazitundika, zawadi yangu unaionea haya?" Nikalichukua, nikalivaa mwenyewe, nikafunga mikanda, nikaanza kuzunguka polepole ili wote waone lilivyonikaa.

"Mama Athieno, livue," akaninong'oneza. "Hilo ni vazi la farasi."

"Uongo!" nikafoka.

Naye akapandisha sauti. "Hicho kitambaa kinachoning'inia nyuma ni cha kufunika mkia!"

Wakati huo nilikuwa nimewapa wakwe zangu mgongo.