Koti la Kipimo

Shangazi yangu, dada wa baba, alikata nguo za wanajeshi karibu muda wote wa vita, na mpaka leo mtu akitaka kumchefua amwambie tu kwamba alilitumikia taifa. "Nilitumikia mkasi," atakujibu, kisha atakugeuzia mgongo aendelee na chai yake. Mimi sina subira hiyo. Wanaokuja kumwambia maneno hayo ni wale wale waliojaa barabarani wakipiga vigelegele siku vita vilipotangazwa, na wengine wao nawajua kwa sura.

Alikuwa mkataji kwenye kiwanda cha ushonaji, kile chenye paa la bati nyuma ya kituo cha mabasi. Mimi nilikuwa nashona vifungo, meza ya pili kutoka kwake. Kabla ya vita tulishona sare za shule, mashuka ya hospitali, mapazia ya ofisi. Shangazi alisimama kwenye meza ndefu, kitambaa kimepangwa tabaka juu ya tabaka, karatasi ya vipimo juu yake, chaki mkononi, na akishachora mstari hakurudia. Mtu akiingia mlangoni, kabla hajasalimia, Shangazi ameshajua upana wa mabega yake. Walimwita Mama Mkasi, na alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake.

Mume wake alikuwa ameshafariki kwa homa ya mapafu. Nilikuwa naishi kwake, tukiwa watatu nyumbani: yeye, mimi, na mtoto wake wa pekee, ambaye mtaa mzima ulimwita Kijiti. Alikuwa mrefu, hana nyama hata ya kubana kwa vidole, shati likimning'inia kama limesahauliwa kwenye kamba. Tukimtania alikuwa anacheka. Nadhani alikuwa anacheka.

Jioni Shangazi alikuwa akishona makoti ya wateja wake mwenyewe, na Kijiti ndiye aliyekuwa msaidizi wake. Alimfundisha kila kitu, mpaka vile vitakia vya pamba vinavyoshonwa ndani ya koti ili mabega ya mwenye mabega membamba yakae kiume. Mishono ya kijana yule ilikuwa midogo kuliko yangu, jambo lililokuwa linaniudhi, maana mimi ndiye niliyekuwa nalipwa kwa kushona.

Vita vilianza kwa sababu ya daraja. Lilikuwa mpakani, la kupitisha gari moja moja, na wala halikuwa zuri. Wenzetu wa ng'ambo waliweka askari mmoja upande wao, eti wa kulilinda. Sisi tukaweka wawili. Wao wakaona wakinyamaza tutawapanda kichwani, wakaleta kikosi. Redioni tukaambiwa jirani anajiandaa kutuvamia. Baadaye sana nikaja kusikia kwamba na kwao redio ilikuwa inasema hivyo hivyo, karibu kwa maneno yale yale. Wao walikuwa na rafiki aliyewaahidi msaada, sisi tulikuwa na wetu, na marafiki hao nao walikuwa na marafiki zao. Kufumba na kufumbua, nchi ambazo hazijawahi hata kulisikia daraja lile zilikuwa zinapeleka vijana wao wakafe kwa ajili yake.

"Lakini hasa nani alitaka?" Shangazi aliuliza siku moja wakati wa mapumziko.

Alikuwepo mpiga pasi wetu, mtu mzima mwenye tumbo lake, ambaye hakukosa jibu la jambo lolote duniani. "Hakuna aliyetaka, mama," alisema. "Kila mkubwa aliogopa kwamba akirudi nyuma hatua moja, watu wake wenyewe watamwona mnyonge. Basi wote wakasonga mbele."

"Wangekuja hapa niwapime," Shangazi akasema. "Ningewaambia ukubwa wao halisi."

Tulicheka. Mwanzoni tulikuwa tunacheka sana. Kazi ilikuwa tele, na msimamizi, ambaye zamani ukienda chooni mara mbili anakununia, sasa alikuwa anatukaribisha chai. Kitambaa kilikuwa kizito na kizuri, vifungo vya shaba. Vijana walipita barabarani na nguo tulizoshona sisi, na sitasema uongo, Shangazi alisimama dirishani akawaangalia kwa fahari namna pindo zilivyonyooka.

Haikuchukua muda. Vifungo vya shaba vikaisha, vikaja vya plastiki, halafu vya mbao vinavyokatika ukivivuta. Kitambaa kikawa chepesi, ukikiinua unauona mkono wako upande wa pili. Yakaanza kuja magunia ya nguo zilizorudi kutoka mstari wa mbele wa vita, zimefuliwa, tuziweke viraka zikavaliwe tena. Hapo kiwandani ikazuka desturi ambayo hakuna aliyeitunga: ukikuta tundu huliinui kumwonyesha mwenzako, wala huulizi limepita sehemu gani ya mwili. Unaweka kiraka, unakata uzi, unachukua nyingine.

Mtaani kinyozi alifunga, mwokaji akafunga, shule ikabaki na mwalimu mmoja mwenye macho mabovu. Wanawake walisukuma mikokoteni ya makaa. Sabuni ilikatwa vipande vidogo kama peremende. Daraja lenyewe lilibomolewa kwa bomu mapema tu, na vita vikaendelea bila daraja. Nilipomwuliza msimamizi sasa tunapigania nini, alinitazama kama nimemtukania mama yake. Akasema wameshakufa wengi mno, tukiacha sasa watakuwa wamekufa bure. Kwa hiyo tuliwapelekea wengine.

Kisha vipimo vikaanza kupungua. Shangazi ndiye aliyeona kwanza. Karatasi za vipimo vikubwa zilibaki zimekunjwa kabatini, hakuna aliyeziagiza tena, na za vidogo zikachakaa kwa kutumika.

"Wanaume wenye miili wameisha," mpiga pasi alisema, na safari hii hakucheka. Baada ya siku chache wakamchukua na yeye, na tumbo lake, na pasi yake ikapewa mjane wa jirani.

Ndipo likaja agizo la koti la kipimo. Watu walikuwa wameshajua kuficha vyeti vya kuzaliwa vya watoto wao, wengine walivichoma, na kila mama alikuwa anaapa kwamba mwanawe bado mdogo. Jeshi likachoka kubishana. Likaamua kwamba kila mji utaletewa koti moja la ukubwa wa chini kabisa. Kijana atavalishwa mbele ya watu, na koti likimkaa sawasawa mabegani, huyo ni mwanamume, aende. Likimpwaya, arudi nyumbani mpaka atakapoitwa tena. Koti la mji wetu lilipaswa kukatwa kiwandani kwetu, kwenye meza ya Shangazi.

Nilimwona akilikata. Aliweka karatasi, akaibana, akachukua chaki. Ilipofika kwenye bega, chaki ikatoka nje ya karatasi, upana wa kidole kizima. Akageuza, akafanya vile vile kwenye bega la pili. Hakuwa mtu wa kuteleza. Kosa hilo lilikuwa na jina wakati ule, liliitwa hujuma, na waliopatikana nalo hawakurudi kwao. Nilibaki nimeshika sindano hewani.

"Shona vifungo vyako," aliniambia bila kuinua macho.

Nikashona. Nyumbani hatukulizungumza kabisa. Lakini jioni ile alimpakulia Kijiti kidogo kuliko kawaida, na kijana akasukuma sahani.

"Mama, wenzangu wote wameenda. Nimebaki mimi na wale wagonjwa."

"Kaa nao. Wagonjwa nao wanataka mtu wa kuzungumza naye."

"Watu wananiona mwoga."

"Wakuone. Mwoga yuko mezani kwao anakula."

"Tena wanasema najificha kwenye gauni la mama yangu, nashona kama mwanamke."

"Na suruali walizovaa wanaosema hivyo zimeshonwa na nani?" Shangazi akainuka kuondoa vyombo. "Maliza chakula chako. Hapa hakuna anayekwenda popote."

Alisema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Alikuwa ameshampima mwanawe kwa macho tangu anazaliwa, na koti alilikata yeye. Kwa mahesabu yake mambo yalikuwa yamekwisha.

Siku ya kupimwa ilikuwa asubuhi ya baridi, kwenye uwanja wa shule. Ofisa aliketi nyuma ya dawati la wanafunzi, magoti yamemfika kifuani, na koti likatundikwa kwenye kiti kando yake. Wazazi na ndugu tulisimamishwa nyuma ya kamba. Kijana wa kwanza akavalishwa, mabega ya koti yakamwanguka mpaka karibu na viwiko. Arudi. Wa pili, arudi. Wa tatu lilimkaa, mama yake akapiga kelele, wakamtoa. Lakini waliorudi walikuwa wengi, na kila aliyerudi nilimsikia Shangazi akishusha pumzi. Najua mitaani wapo wanaume leo wenye wajukuu ambao hawajui wanadaiwa na chaki ya nani, na yeye hataki waambiwe.

Kijiti alipoitwa, Shangazi aliachia mkono wangu, akajifunga vizuri kitambaa chake kichwani kama mtu anayejiandaa kuondoka. Kijana alikuwa amevaa shati la marehemu baba yake na sweta juu yake, kwa ajili ya baridi. Akaingiza mkono mmoja, akaingiza wa pili, akasimama wima.

Koti lilimkaa. Lilimkaa kama limeshonwa kwa ajili yake.

Ofisa alizunguka nyuma, akapitisha kiganja begani, akatikisa kichwa kukubali. Shangazi alipita chini ya kamba. Sikuwahi kumwona akikimbia kabla ya siku hiyo.

"Huyu ni mtoto," alisema. "Nimemzaa mimi, najua."

"Mama," ofisa akamjibu, tena kwa upole, alikuwa mtu aliyechoka kama sisi, "kila mama ananiambia hivyo. Ninyi mnadanganya, koti halidanganyi."

Shangazi akafungua mdomo. Nilijua alichotaka kusema, na nilijua kwa nini hakuweza: angesema, wote waliorudishwa wangeitwa upya, na yeye angefungwa, na Kijiti angekwenda vilevile. Akamtazama mwanawe amsaidie. Kijana alikuwa ameinamisha macho.

"Mama, usinitie aibu," alisema polepole. "Rudi kwa dada, pale kwenye kamba."

Akavuliwa koti, akapandishwa kwenye lori. Alipunga mkono, mabega yake mapana kuliko nilivyowahi kuyaona, na mimi mpumbavu nikawaza kwamba kumbe koti linaweza kumkuza mtu.

Kesho yake Shangazi alimkabidhi msimamizi mkasi. Alimwambia macho yamepungua nguvu. Akaja kuketi meza yangu, akaanza kushona vifungo vya mbao, na mtu mwingine akakata. Mimi aliniambia ukweli wake.

"Mkono wangu umenisaliti. Nilikata kidogo mno."

"Shangazi, nilikuona. Ulitoa kidole kizima."

"Basi ningetoa viwili."

Kila nilipojaribu kumtoa kwenye wazo hilo alinikata kauli. Alikuwa anajua mabega ya mwanawe, na koti lilimkaa. Kwa hiyo mkono ndio uliokosea. Mtu aliyeishi maisha yake yote kwa kuuamini mkono wake, ukimwambia nini?

Kambini walipowapa sare, nguo za nyumbani zilifungwa furushi na kurudishwa kwa wazazi. La Kijiti lililetwa likiwa limekazwa kwa kamba ya katani. Shangazi hakulifungua. Aliliweka juu ya kabati, akasema akirudi atazivaa mwenyewe, hakuna haja ya kuzigusa. Nilikuwa nalipangusa vumbi yeye akiwa hayupo.

Vita viliisha kama mvua inavyoisha, hakuna aliyejua ni kwa nini hasa siku hiyo. Wakubwa wakakutana, wakapigwa picha, wakakubaliana mpaka ubaki palepale ulipokuwa. Daraja wakasema litajengwa. Nasikia bado halijajengwa, watu wanavuka kwa kivuko cha kamba, wa huku na wa kule, wakipeana moto wa sigara.

Kijiti hakurudi. Mwenzake wa kikosini alikuja kutuambia, akaketi ukingoni mwa kiti kama anayeogopa kukichafua. Hakuuawa na risasi. Maji ya handakini yalikuwa machafu, aliharisha, akaisha. Hakuwahi kumwona adui hata kwa mbali. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akampima mabega kwa macho na kumpa koti moja la mumewe. Lilimtosha.

Kijana alipoondoka, akaniambia nimshushie furushi.

Tuliketi kitandani. Alikata kamba kwa mkasi mdogo, akatoa suruali, akainusa, akaiweka. Akatoa sweta. Kisha akalishika shati la mumewe, akalinyanyua kwa mabega yake kama anavyonyanyua kila nguo, na shati likasimama. Halikuinama mabegani. Akaligeuza ndani nje.

Kila bega lilikuwa na vitakia vya pamba, viwili viwili, kimoja juu ya kingine, vimepunguzwa ukingoni visionekane. Vilikuwa vya kutoka kwenye boksi la Shangazi la kazi za jioni. Mimi niliangua kilio. Nililia kwa hasira kwanza, nikimlaani yule mtoto, na daraja, na kila mdomo uliowahi kumwita Kijiti, wangu ukiwemo.

Shangazi hakulia. Alivaa miwani, akalisogeza shati kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole juu ya mshono, taratibu, kutoka shingoni mpaka kwenye mkono, kama alivyokuwa akikagua kazi zangu.

"Kashona vizuri," alisema. "Tazama. Hata uzi hauonekani."