Kompyuta Iliyofukizwa Udi

Mke wa mjomba alinipigia simu kutoka Mchinga na haraka zake. "Njoo uchukue kompyuta yenu. Kuku ameshaanza kutagia juu yake." Nami, kama unavyonijua, kwa vitu vya namna hiyo siitwi mara mbili. Chumba changu cha uani hapa Mitwero kimejaa kompyuta zilizotupwa na maofisi: monita za chogo, kibodi za kugonga kwa nguvu, makasha yaliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Nazifungua, nazisafisha, naziwasha tena. Jirani yangu husema ninafuga maiti, na simbishii.

Hii lakini nimekua nayo tangu utotoni. Mjomba aliileta Lindi kutoka Dar nilipokuwa shule ya msingi, akaiweka sebuleni kwa bibi, akawa anachapa kadi za harusi na barua za watu. Mtaa mzima ulikuja kuiona. Sisi watoto tuliruhusiwa kusimama mlangoni, mikono nyuma. Nakumbuka mkwaruzo wake ikiamka, na harufu ya samaki wa kukaanga iliyoingia kutoka uani, maana bibi hakuwa wa kusimamisha mapishi kwa ajili ya kompyuta ya mtu.

Wingi wa watazamaji ndio uliomtia bibi wasiwasi wa husuda. Kila Alhamisi jioni alifukiza nyumba nzima: chini ya vitanda, kabati la nguo, na sisi wajukuu mmoja mmoja. Kazi yangu ilikuwa kupepea makaa ya chetezo. Udi aliupika mwenyewe kwa sukari na marashi, na vipimo alikuwa navyo kichwani. Binti zake wakimuuliza alisema watajua wakikua, wakati wenyewe walishakuwa na watoto wa kuozesha. Basi Alhamisi moja akapeleka chetezo mbele ya kompyuta ikiwa imewashwa. Feni ikavuta moshi kwa mbele, ikautolea nyuma taratibu.

"Tazameni, inavuta yenyewe! Imeukubali!"

"Mama, huo ni mtambo," mjomba akalalamika. "Moshi utauharibu."

"Mbona wewe nilikufukiza na hujaharibika? Macho yote haya ya watu, unataka niiache hivihivi?"

Tangu siku hiyo kompyuta ilikuwa na zamu yake kila Alhamisi, baada ya kabati na kabla yetu.

Bibi alifariki. Nyumba iliuzwa, ikavunjwa, sasa pale pana gesti. Mjomba alihamia Mchinga na kompyuta yake, mpaka naye akafariki. Binti za bibi wamejaribu kupika ule udi mara nyingi. Unanukia vizuri, lakini sio ule.

Nilipolifungua kasha mezani kwangu, nilikuta ubao wa ndani umefunikwa na utando wa kahawia, unanata, umekamata vumbi na chumvi ya pwani. Kutu ya kijani ilikuwa imeshaanza kula miguu ya vifaa. Nilichomoa kisanduku cha umeme nikakijaribu peke yake, ndivyo ninavyoanza siku zote. Kikapata joto. Halafu chumba kikaanza kunukia Alhamisi. Sikuwa nimejiandaa. Nilikaa na bisibisi mkononi nikalia, jambo ambalo silifanyi nikiwa kazini.

Sasa nikueleze nilivyokwama. Utando ule ndio uliotunza harufu, na utando uleule ndio uliokuwa unaiua kompyuta, kwa sababu unashika chumvi na unyevu. Ukiiwasha hivyo, unaiunguza. Ukiisafisha, umefuta harufu ya nyumba ya bibi, na sijui mahali pengine popote ilipobaki. Nililifunika kasha, nikajitia kushughulika na mashine nyingine. Kila nikipita nililifunua kidogo nikanusa, na kila mara ilikuwa hafifu zaidi. Ilikuwa inaondoka tu, niiguse nisiiguse, na kutu nayo haikuwa inanisubiri.

Nikachukua spiriti na mswaki. Iliyochuruzika kwenye beseni ilikuwa na rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa. Nilibadilisha kapasita zilizovimba na betri ndogo iliyovuja, nikauanika ubao kivulini, nikaunganisha kila kitu, nikabonyeza. Ikakwaruza vilevile kama zamani. Monita ikapata mwanga. Nilifurahi, nisikudanganye. Kisha nikazunguka nyuma nikaweka pua kwenye feni: spiriti na plastiki ya moto.

"Imewaka," nilimwambia mke wa mjomba kwenye simu.

"Alhamdulillahi. Na bado inanukia?"

"Hapana."

"Basi si uifukize."

Wateja wangu huwa nawakataza hata ubani karibu na kompyuta. Alhamisi hiyo nilinunua udi dukani, nikapepea makaa, nikasogeza chetezo kwenye matundu ya mbele. Ikavuta yenyewe. Moshi ulipotokea nyuma niliinama nikaunusa, nikaendelea kuunusa mpaka makaa yakazimika. Ulikuwa udi mzuri, wa dukani.