Niliandika Jina la Jirani Yangu Kwenye Orodha ya Mgombea

Admin, naomba jina langu lisitoke, maana ninaowataja wapo hai. Mimi ni baba wa miaka hamsini na tano, mzaliwa wa Kibondo, kibarua wa kukata mkonge huku Tanga. Shule niliishia darasa la tano, ila kijijini walisifu mwandiko wangu, na ndio ulioniponza.

Miaka ya tisini, vyama vingi vilipoanza, mwalimu mmoja mstaafu wa kwetu aligombea udiwani. Akatakiwa kupeleka wilayani fomu inayoonyesha nani kamchangia nini na kimetumikaje. Akaniita niijaze. Watu hawakuwa na fedha, walitoa maharage, kuku na ndizi za kutengenezea pombe ya mikutano. Niliandika vyote.

Jirani yangu, nimwite Bukuru, alileta mikungu mitatu. Alikuwa Mrundi, alikimbia vita akiwa kijana, akalima kwetu zaidi ya miaka ishirini. Nikamwambia, "Wewe toa tu, kuandikwa si lazima."

Akacheka. "Yaani ndizi zangu mnywe, jina langu mlione chungu? Niandike, na mimi nionekane mtu wa hapa."

Fomu ilikuwa na sehemu ya mahali mtu alipozaliwa. Wengine wote niliwaandikia kijiji chetu bila kuuliza, hata waliozaliwa Kasulu. Bukuru nilimwandikia Burundi. Mwalimu alipopitia aliniuliza, "Hii ina lazima gani?" Nikamjibu fomu haidanganywi. Ndugu zangu, wakati huo mimi na Bukuru tulikuwa tunagombania mpaka wa shamba la bondeni. Niliandika kwa uaminifu au kwa ajili ya lile bonde? Swali hilo linaninyima usingizi mpaka leo.

Mwalimu alishindwa, tukasahau. Baadaye yakaja malori kukusanya wasio raia na kuwapeleka kambini. Mkubwa wao alikuwa akisoma majina kwenye karatasi. Niliposogea nikautambua mwandiko wangu, ni ile fomu ya mwalimu. Bukuru alipanda na mkewe, binti yao mdogo akiwa mgongoni kwa mama. Akanipa ufunguo: "Niangalizie nyumba, jirani."

Msimu uliofuata nililima bonde lake lote. Mahindi yalikubali sana, ila kila nikiyala nilimwona yeye. Ndipo nikaja huku kwenye mkonge, nikasema kwetu sirudi.

Wiki iliyopita yule binti, aliyepata namba yangu kijijini, alinipigia simu, akanisalimia kwa Kirundi. "Mwakeye, baba mdogo. Mzee tuko naye huku Kasulu, kambi ya Nyarugusu, macho yamechoka. Anauliza kama ufunguo unao bado. Anasema wewe ndiye uliyekuwa unaandika ile orodha, utajua nani alimtaja kuwa si wa hapa."

Nikasema mtandao unasumbua, nikakata. Tangu hapo sijapokea namba yake.

Ufunguo ninao, uko kwenye begi langu, umeshika kutu. Nauli ya Kasulu nimeshaiweka. Nishaurini, ndugu zangu. Nikifika mbele ya mzee yule, nimrudishie ufunguo peke yake ninyamaze, au nimwambie kuwa aliyemtaja ni mimi?