Mkwe Mwenye Moto Kifuani

Haijanitoka kichwani, mwanangu, ile siku niliyokwenda Lufingo kuomba mke, nikarudi Tukuyu nimelazwa juu ya mikungu ya ndizi kwenye pikapu, nikiwaaga walimwengu.

Huwa naikumbuka nikikuona pale stendi umemaliza sahani ya chipsi mayai, umeshushia soda, umeegemea kiti huku umeshika kifua na kuuliza simu yako kama utakufa. Simu itakujibu kwamba utakufa. Simu haina haraka ya kukutuliza. Ngoja nikutulize mimi, niliyekwisha kufa kwa ugonjwa huo mbele ya ukoo mzima.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu. Ungenipa riwaya yoyote ningekuchambulia hadi nukta, lakini tumbo langu mwenyewe sikujua linafanyaje kazi. Msichana niliyemtaka aliitwa Atupele. Mshenga wangu alikuwa Mzee Shomari, fundi cherehani wa mjini, ambaye babu zake walikuja kutoka pwani wakamwachia ulimi mtamu. Suti ya siku hiyo aliishona yeye. Bahati mbaya alinipima nikiwa bado nakula chakula cha chuo, na nilipokuja kuivaa nilikuwa nimeshinda msimu mzima jikoni kwa mama.

"Vuta pumzi," aliniambia akifunga kifungo cha suruali.

"Halafu?"

"Halafu usiitoe mpaka wakubali."

Ukoo ule wa kina Atupele ulikuwa na utaratibu wake. Anayeomba mke alipitishwa nyumba za baba zake binti, kuanzia mdogo hadi mkubwa, na kila nyumba ilimwekea chakula. Asiyemaliza sahani amelidharau jiko la mwenye nyumba, na jibu analijua kabla hajanawa mikono. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mzee Ambakisye, baba mkubwa, mwenye kitambi cha heshima na neno la mwisho.

Nyumba ya kwanza tulikuta mbalaga, zile ndizi zetu zilizopikwa na nyama hadi zikalainika. Nilimaliza. Hapo ndipo Mzee Shomari aliponinong'oneza kwamba leo ni Alhamisi, naye amefunga sunna. Sahani yake ilikuwa tayari imesogezwa mbele yangu. Nyumba ya pili ilikuwa ugali na maharage yanayoogelea kwenye mafuta. Mwanamke mjamzito hula kwa ajili ya mtoto; mimi nilikula kwa ajili ya mshenga.

Kwa Mzee Ambakisye ilikuja nyama ya mafuta, viazi, soda, kisha kahawa nyeusi. Nilipomaliza wakanihurumia. "Mgeni ajinyooshe kidogo," akasema mama mwenye nyumba, akanitandikia mkeka. Nikajinyoosha, na suruali ya Mzee Shomari ikinibana kiunoni kama kamba ya kufungia kuni.

Sikukaa sana. Moto ulianzia chini ya mbavu ukapanda katikati ya kifua hadi kooni, na nyuma yake yakaja maji machungu. Niliketi ghafla, jasho likinitoka, mkono kifuani.

"Kijana, una nini?" Mzee Ambakisye akauliza.

Mtu mwenye akili angesema amevimbiwa. Mimi nilikuwa na digrii.

"Moyo, baba," nikasema. "Nafikiri ni moyo."

Mzee Ambakisye akaweka kikombe chini.

"Umekuja kuchukua binti yetu na moyo mbovu?"

"Ni mapenzi hayo, mzee wangu," Mzee Shomari akadakia. "Yamezidi."

"Mapenzi hayatoi jasho la namna hii, fundi. Twende naye hospitali. Daktari akisema ni moyo, mazungumzo yameishia hapa. Hatutoi binti akawe mjane kabla ya mavuno. Na nitamsikia kwa masikio yangu mwenyewe."

Nikamwona Atupele mlangoni, ameziba mdomo kwa kanga. Sikujua kama analia au anacheka. Nilikuja kumuuliza baadaye, akasema vyote viwili, ila si kwa kiasi sawa.

Pikapu iliyokuwa inapeleka ndizi mjini ikasimamishwa. Mzee Ambakisye akakaa mbele na dereva. Mimi wakanilaza juu ya mikungu, kichwa kikielekea nyuma ya gari, nalo likaanza kupanda mlima. Yaani miguu juu, kichwa chini, na sahani zote za Lufingo zikitafuta njia ya kutokea. Mzee Shomari alinishika mkono akaanza kunisomea dua. Nami nikamwachia wosia: achukue redio yangu.

Daktari alikuwa mama mmoja mtulivu. Alinipima moyo kwa mashine, akasoma, akasema, "Moyo mzima kabisa." Kisha akavuta kiti na kuanza kuniuliza.

"Huwa unakula ukashiba sana, halafu unalala hapo hapo?"

"Leo tu," nikasema.

"Kila siku," akasema Mzee Ambakisye.

Daktari akageuka. "Namuuliza mgonjwa."

"Endelea, mama, endelea tu."

"Sigara unavuta?"

"Hapana."

Mzee Ambakisye akafunika mfuko wa shati lake kwa kiganja, polepole, kama anaua mbu.

"Ukiinama, maji machungu yanapanda kooni?"

Kabla sijafungua mdomo, Mzee akajibu. "Nikipalilia chai, yanapanda. Nikilala, yanapanda. Miaka mingi sasa. Nalamba magadi yanatulia. Mimi nilidhani ndivyo mtu mzima anavyokuwa."

Daktari akaweka kalamu mezani. Alitueleza kwamba pale chakula kinapoingilia tumboni kuna msuli unaofunga kama mdomo wa mfuko wa kamba. Ukilegea au ukisukumwa sana, tindikali ya tumbo inapanda juu na kuunguza; hicho ndicho kiungulia. Kumtokea mtu mara moja moja baada ya karamu ni jambo la kawaida. Kukijirudia wiki baada ya wiki, huo ni ugonjwa, na unatibika.

"Wako wengi?" Mzee akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka wawe wengi.

"Wengi mno, mzee. Hawasemi tu. Kitambi kinauleta. Ujauzito pia. Sigara, pombe, milo mikubwa, mafuta mengi, kulala umeshiba. Hata baadhi ya dawa za maumivu mnazonunua dukani bila kuuliza. Na nguo za kubana." Akaniangalia kiunoni. "Hii suruali ameshona nani?"

Mzee Shomari akaangalia dari.

"Haya," daktari akasema, "kijana, shuka kitandani. Mzee, panda wewe."

Tulirudi Lufingo jua likielekea kuzama, mimi nimefungua kifungo, Mzee Ambakisye na bahasha ya dawa. Ukoo ulikuwa unasubiri. Alisimama mbele yao akipapasa ule mfuko wa shati uliokuwa sasa mtupu.

"Nimesikia kwa masikio yangu," akasema. "Moyo wake mzima. Anachoumwa ndicho ninachoumwa mimi. Tukimkataa kwa hilo, na mimi mnifukuze humu. Tumempa. Na kuanzia leo, anayekuja kuomba mke atakula nyumba moja. Kwingine asalimie tu."

"Ndaga fijo," nikasema, ahsante sana. Sikuwahi kuisema kwa dhati kama siku ile.

"Na mimi niliyefunga," akauliza Mzee Shomari, "nitafuturu nyumba ipi?"

Basi mwanangu, sikia. Kula kidogo kidogo, na upe chakula nafasi ya kushuka, kwa muda wa saa mbili au tatu, kabla hujalala. Inua kichwa cha kitanda. Atupele alitia matofali chini ya miguu ya chetu upande wa kichwani, na tunalala vizuri mpaka leo. Chunguza chakula kinachokuchoma wewe, si kinachomchoma jirani. Punguza kitambi, acha sigara, vaa suruali inayokutosha mwaka huu. Kiungulia kikikurudia kila wiki, nenda hospitali, usiishi kwa magadi. Na usicheke nami ukasahau hili: ukipata maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au tayani, au pumzi ikikata, usikae kubahatisha, wahi hospitali wakupime moyo kama walivyonipima mimi. Vivyo hivyo ukitapika damu, ukapata choo cheusi, ukapungua mwili bila sababu, au chakula kikikwama ukimeza.

Mungu akupe wakwe wakarimu wenye sahani ndogo, akupe usingizi wa kutulia, na kila unachokula kibaki kule ulikokituma.