Mwanangu, Njoo Mara Moja

Niseme mapema: mimi sina ugomvi na kompyuta. Ugomvi wangu ni na watu, hasa wale wa ofisi ya kusafirisha mizigo ambako mdogo wangu alipata kazi yake ya kwanza. Mimi ni fundi cherehani, kazi zangu nafanyia barazani kwetu, na huyu kitindamimba namjua kuliko mtu yeyote. Tunalala chumba kimoja.

Alikuwa mwaka wa mwisho chuoni. Asubuhi darasani, mchana ofisini. Walimwahidi kwamba akishapata cheti watamwajiri moja kwa moja, na nyumbani tukarukaruka kwa furaha. Kazi yenyewe ilikuwa kuangalia mtandao wao na kompyuta zao. Loo! Kumbe walikuwa wanatafuta yaya.

Katibu muhtasi akisahau nywila, na aliisahau hata akitoka kula tu, simu. Mhasibu akibonyeza sijui nini maandishi yakawa makubwa kama bango, simu. Mdogo wangu akawabandikia tangazo ukutani: mwenye shida aandike ujumbe kwenye kundi la ofisi, atahudumiwa kwa zamu. Hakuna aliyeandika hata herufi moja. Ofisi nzima ni watu wa rika la wazazi wetu, na dawa yake walikwisha kuijua: "Mwanangu, njoo mara moja." Basi. Mtoto aliyelelewa na mama yetu atamwambia mtu mzima asubiri? Thubutu! Hiyo mara moja ikawa inamla mchana kutwa, na akirudi nyumbani anafungua vitabu vyake na kusinzia juu yake. Akakonda. Akaanza kujibu watu kwa mkato, yeye ambaye tangu utotoni ni mcheshi.

Nikamwambia, "Si uzime hiyo simu?"

"Dada, wewe nguo ikikushinda unaikunja unaiweka pembeni. Zangu mimi zinanipigia."

Ukabaki mtihani wa vitendo, ambao usipoufanya unarudia mwaka mzima. Akaomba ruhusa ya siku hiyo kwa meneja, wanayemwita Mzee. Mzee akamjibu kwa upole kabisa, "Nenda mwanangu, Mungu akutangulie." Siku hiyo alirudi anacheka. Kilichokuwa kinamtia wasiwasi ni jambo moja tu, hali ya mama, kwa sababu presha ilikuwa imemwangusha juzijuzi. Nikamwapia kwamba sitabandua macho kwake.

Siku ya mtihani simu zote zikakusanywa mlangoni. Akakaa kwenye mashine yake, akaanza, na kazi ikawa inakwenda vizuri tu. Mara mlango ukagongwa. Msimamizi akatoka, akarudi, akamwinamia. "Binti, kuna mtu nje anakuulizia. Anasema ni dharura."

Dharura! Ungekuwa wewe ungewaza nini? Aliruka kutoka kitini, hakusikia hata msimamizi akimkumbusha kwamba anayetoka harudi. Nje akamkuta dereva wa ofisi anachezea funguo za gari.

"Mama yangu amefanya nini?"

"Mama yako? Hapana, mwanangu. Printa imegoma. Mzee ana kikao na wageni, kasema nikupeleke mara moja halafu nikurudishe."

Halafu nikurudishe! Kama mtu anayeazima mwiko! Watu wazima na akili zao! Na printa yenyewe, tulikuja kuambiwa baadaye, ilikuwa imeishiwa karatasi. Karatasi, jamani!

Akageuka kurudi ndani. Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni. Akamsihi, akampigia magoti, na yule mwalimu alionekana wazi kwamba anaumia, lakini sheria si yake. Akamrudishia simu yake, akafunga mlango taratibu.

Simu yake ilinikuta barazani napiga pindo.

"Dada, mama yuko wapi?"

"Huyu hapa mbele yangu, anachambua mboga. Kwani vipi?"

Akaangua kilio na kunimwagia yote. Damu ilinichemka mpaka masikioni. Nilitaka niache cherehani vilevile, niende ofisini kwao nikamwonyeshe huyo Mzee dharura ni kitu gani. Lakini mama alikuwa keshanyoosha mkono, anataka simu aongee na mwanawe.

"Mpe," mdogo wangu akasema, akivuta kamasi. "Ila usimwambie kitu, dada. Nakuomba. Presha."

Nikampa.

"Mwanangu! Umemaliza?"

Sikusikia alichojibiwa. Niliona tu uso wa mama unachanua. Akaongea kidogo, akashukuru Mungu, akanirudishia simu na kuvuta tena ungo wake wa mboga.

"Si niliwaambia huyu ana akili?" akasema. "Wenzake wote bado wamo ndani, yeye keshatoka."